Miezi Kumi na Minane: Deni la Taifa na Mlipaji Wake katika Tanzania, 1979–2001

1. Utangulizi

Wahenga walituachia methali mbili mashuhuri juu ya deni. Ya kwanza yasema, "Dawa ya deni ni kulipa." Ya pili yasema, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Methali hizi zimejengwa juu ya jambo moja ambalo halitamkwi kwa kuwa linadhaniwa kuwa dhahiri, nalo ni kwamba aliyekopa ndiye atakayelipa. Aliyekula harusi ndiye atakayekaa matanga. Mdeni ana jina na ana nyumba, na mdai anaujua mlango wa kubisha hodi. Ikiwa mkopaji haaminiki, hutafutwa mdhamini. Na mdhamini huyo huulizwa kwanza, akaitikia mbele ya mashahidi.

Deni la serikali halifuati adabu hiyo. Wachache hukopa kwa jina la wengi, na wakati wa kulipa wengi hao huitwa bila kukumbushwa ni lini walikaa karamuni. Mwananchi wa kawaida huwa mdhamini ambaye hakuulizwa. Na serikali inapokwama, wakaja wa kuiokoa kwa mkopo mpya wenye masharti, mdhamini huyo ndiye anayepelekewa hesabu.

Makala haya yanachunguza historia ya hesabu moja ya namna hiyo, yaani ile iliyoikabili Tanzania tangu kumalizika kwa Vita vya Kagera mwaka 1979 hadi iliposamehewa sehemu kubwa ya madeni yake kuanzia mwaka 2001. Mengi yameandikwa juu ya mabishano kati ya Mwalimu Julius Nyerere na Shirika la Fedha la Kimataifa, na wengi wa walioandika wamejishughulisha na swali la nani alikuwa na haki. Hoja ya makala haya ni nyingine. Inadaiwa hapa kwamba serikali ilipokataa masharti, na hata ilipoyakubali, mlipaji alikuwa yule yule. Kwamba alilipa mara tatu, kwanza kwa foleni, pili kwa bei, na tatu kwa kile kilichoitwa mchango. Na kwamba kila malipo yaliacha alama yake katika lugha ya Kiswahili, alama ambazo mtafiti wa lugha anaweza kuzisoma kama vile mwanauchumi anavyosoma vitabu vya hesabu.

2. Jinsi deni lilivyozaliwa

Haifai kulieleza deni la Tanzania kana kwamba lilishuka kutoka mbinguni, wala kana kwamba lilitokana na ujinga wa watawala peke yao. Lilikuwa na mama wengi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilijitwika kazi kubwa ya kuwapa wananchi elimu, matibabu na maji bila ya malipo ya moja kwa moja. Kazi hiyo haikuwa ya maneno matupu. Mwaka 1977 elimu ya msingi ilifanywa kuwa haki ya kila mtoto, na miaka michache baadaye karibu watoto wote wa umri wa shule walikuwa wameandikishwa. Zahanati zilifika katika vijiji ambavyo havikuwahi kumwona mganga wa serikali. Gharama ya mambo hayo ilitegemea nguzo mbili: mazao ya mkulima yaliyouzwa ng'ambo, na misaada na mikopo ya wageni.

Nguzo hizo zilianza kutikisika mapema. Mwaka 1973 na 1974 ukame ulilazimisha nchi inunue nafaka nje wakati ule ule ambapo bei ya mafuta ilipanda ghafula. Baridi kali iliyoharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 ikaleta neema ya muda, kwani bei ya kahawa ya Afrika Mashariki iliruka. Lakini akiba iliyopatikana ilitumika upesi mara milango ya kuagiza bidhaa ilipolegezwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Tanzania ikabidi iunde upya shirika lake la reli, la ndege, la bandari na la posta. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera. Vita vilivyofuata, vilivyofika Kampala Aprili 1979, vinakadiriwa kuigharimu Tanzania yapata dola milioni 500 za Kimarekani. Mwaka huo huo wa 1979 bei ya mafuta ikapanda mara ya pili.

Hayo ni ya nje. Ya ndani nayo yapo, na haki yataka yatajwe. Vyama vya ushirika vya wakulima vilivunjwa mwaka 1976, na kazi yao wakapewa mamlaka za mazao za serikali, ambazo gharama zao zilikua mwaka hadi mwaka huku fungu la mkulima likipungua. Kuhamishiwa vijijini kuliwatenga wakulima wengi wa kusini na mikorosho yao. Matokeo yake yalionekana wazi: msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, na katika miaka ya 1980 mavuno yakaanguka hadi chini ya tani 20,000. Hakuna mdai wa ng'ambo aliyeng'oa mikorosho ile. Mkulima mwenyewe aliiacha iote magugu, kwa sababu bei aliyopewa haikulipa hata jasho la kuipalilia.

3. Mkanda na kibwebwe

Vita vilipokwisha, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa muda wa miezi kumi na minane ili nchi ijirudishie nguvu. Ombi hilo limebaki katika kumbukumbu ya Watanzania wa kizazi kile kuliko hotuba nyingi nyingine za wakati huo, na sababu yake si ngumu kuifahamu: miezi kumi na minane ilipita, na mikanda haikufunguliwa.

Yafaa kutua kidogo juu ya maneno yenyewe. Kiswahili kina usemi wa siku nyingi wa kujifunga kiuno, nao ni "kujifunga kibwebwe". Kibwebwe ni kitambaa anachojifunga mwanamke kiunoni anapotaka kutwanga, kulima au kuingia ngomani. Hujifungwa ili nguvu ipatikane. Anayejifunga kibwebwe anajua anafanya kazi gani, na huamua mwenyewe wakati wa kukifungua. Mkanda ni kitu kingine. Mkanda hukazwa kwa sababu tumbo limepungua na nguo inataka kuanguka. Kibwebwe ni cha kazi. Mkanda unaokazwa ni wa njaa.

Mwalimu, aliyekijua Kiswahili kwa undani, aliyaunganisha mambo hayo mawili: aliwataka wananchi wafunge mkanda kwa ari ya kibwebwe. Kwa muda fulani walifanya hivyo. Vita vilikuwa vya haki machoni pao, na waliochangia ng'ombe, nafaka na vijana wao jeshini hawakuona ajabu kuombwa subira ya mwaka mmoja na nusu. Lakini ari hukaa pale penye mwisho unaoonekana. Mwisho ulipotoweka, ari ilitoweka nao, ukabaki mkanda.

4. Mabishano juu ya masharti

Mwaka 1979 wajumbe wa Shirika la Fedha la Kimataifa walikuja Dar es Salaam na masharti yao: thamani ya shilingi ishushwe, matumizi ya serikali yapunguzwe, ruzuku ziondolewe, na milango ya biashara ifunguliwe. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliona kwamba hapakuwa na njia isipokuwa kukubaliana nao. Nyerere alikataa, na Mtei akajiuzulu. Katika salamu zake za mwaka mpya kwa mabalozi, Januari 1980, Nyerere aliuliza tangu lini Shirika hilo limegeuka kuwa wizara ya fedha ya ulimwengu mzima, na tangu lini mataifa yalikubali kulikabidhi mamlaka yao ya kuamua.

Swali hilo lilikuwa zito, na bado ni zito. Makubaliano ya muda yaliyofikiwa baadaye mwaka 1980 yalivunjika baada ya miezi michache. Serikali ikajaribu njia zake yenyewe: mpango wa kuunusuru uchumi mwaka 1981, na mwaka 1982 mpango wa marekebisho uliobuniwa nyumbani. Mwaka 1985, karibu na kustaafu kwake, Nyerere aliuliza tena swali lililosikika kote ulimwenguni, kama ni lazima Waafrika wawaache watoto wao wafe njaa ili walipe madeni.

Hata hivyo, yapo mambo mawili ambayo mabishano hayo yaliyafunika. Jambo la kwanza ni kwamba pande zote mbili zilimsemea mwananchi wa kawaida, na hakuna upande uliomwuliza. Shirika lilidai kwamba kushushwa kwa shilingi kungemnufaisha mkulima. Serikali ilidai kwamba kutoishusha kulimkinga mfanyakazi. Jambo la pili ni kwamba kukataa kulikuwa na gharama yake. Shilingi iliyoshikiliwa juu kuliko thamani yake ilimaanisha kwamba mkulima wa kahawa au pamba aliuza zao lake ng'ambo kwa dola, akalipwa nyumbani kwa shilingi chache kuliko alizostahili. Hiyo ilikuwa kodi, ingawa haikuandikwa katika kitabu chochote cha kodi.

5. Malipo ya kwanza: foleni

Fedha za kigeni zilipokwisha, viwanda vilikosa malighafi na vipuri, na maduka yakakosa bidhaa. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, unga, vitenge na betri za redio vilitafutwa kama dawa. Hapo ndipo neno "foleni" lilipopata maisha mapya. Neno hilo liliingia Kiswahili kwa mlango wa jeshi, kutokana na amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari mstari. Miaka ya 1980 ya mwanzo lilitoka kambini likawa neno la duka la ushirika. Watu walijipanga kabla ya jua kuchomoza. Asiyeweza kusimama aliacha jiwe au kikapu kimshikie nafasi.

Foleni ni malipo, ingawa haionekani hivyo. Bei ya serikali ilibaki nafuu kwenye karatasi, lakini mwananchi aliikamilisha kwa saa za maisha yake. Na si wananchi wote waliolipa sawasawa. Mwenye cheo alipata kibali. Mwenye jamaa ghalani alipitia mlango wa nyuma. Aliyesimama hadi adhuhuri alikuwa mama wa nyumbani, mfanyakazi wa kima cha chini, na mtoto aliyekosa shule siku hiyo ili amshikie mama yake nafasi.

Pamoja na foleni yalikuja maneno mengine: ulanguzi, magendo, na hatimaye uhujumu uchumi. Mwaka 1983 serikali, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianzisha kampeni kali dhidi ya "wahujumu uchumi". Msomaji aangalie jinsi maneno yalivyopanda daraja. Mlanguzi ni mtu wa sokoni, anunuaye rahisi na kuuza ghali. Mhujumu ni adui, kwa kuwa hujuma ni shambulio la siri la vitani. Hakuna shaka kwamba walikuwapo matajiri walioficha mali kwa wingi, na wananchi wengi walishangilia kuona mali hizo zikifichuliwa. Kifo cha Sokoine katika ajali ya gari, tarehe 12 Aprili 1984, kiliwaliza wengi. Lakini neno lile lile la hujuma liliweza kumwangukia pia mama aliyekuwa na vipande kadhaa vya sabuni zaidi ya mahitaji ya nyumba yake. Upungufu uliokuwa na asili yake katika deni ulipewa sura ya mtu, na mtu huyo mara nyingine alikuwa jirani.

Kipindi hicho hicho kilirudisha kodi iliyokuwa imesahauliwa. Kodi ya kichwa, mabaki ya ukoloni, ilikuwa imefutwa mwaka 1969. Miaka ya 1983 na 1984, serikali za mitaa ziliporejeshwa, kila mtu mzima alitakiwa kulipa "kodi ya maendeleo". Wananchi hawakudanganyika na jina: wengi waliendelea kuiita kodi ya kichwa, mpaka ilipofutwa mwaka 2003.

6. Malipo ya pili: bei

Bajeti ya Juni 1984 ilikuwa mwanzo wa kugeuka, hata kabla ya kutiwa saini mkataba wowote. Shilingi ilishushwa kutoka yapata 12 hadi 17 kwa dola moja, na ruzuku ya sembe ikaondolewa. Wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa pasipo kuulizwa walizipata wapi. Mwaka 1985 Nyerere alistaafu, na Ali Hassan Mwinyi akashika urais. Agosti 1986 serikali yake ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na Septemba mwaka huo nchi wadai za Klabu ya Paris zikakubali kuahirisha malipo ya madeni ya zamani. Uokozi ulikuwa umefika.

Lakini nani hasa aliyeokolewa? Serikali iliokolewa, kwa kuwa ilipata fedha za kuagiza mafuta na vipuri. Wadai nao waliokolewa, kwa kuwa deni ambalo lingepotea sasa lilikuwa na ratiba ya kulipwa. Ama mwananchi, yeye alikutana na uokozi huo dukani. Shilingi, iliyokuwa 17 kwa dola mwanzoni mwa mwaka 1986, ilikuwa yapata 50 mwishoni mwa mwaka huo, 125 mwishoni mwa mwaka 1988, na ilikaribia 200 mwaka 1990. Mishahara haikuikimbilia. Tangu katikati ya miaka ya 1970 thamani halisi ya mshahara wa kima cha chini ilikuwa imekwisha kushuka chini ya nusu, na katika miaka ya 1980 mshahara wa mwezi haukuweza kulisha familia ya mjini ila kwa siku chache.

Ni haki kusema kwamba maduka yalijaa. Foleni zilipungua, kisha zikatoweka; mitumba ya nguo ikarudi, na watu waliokuwa wakivaa viraka wakavaa mashati. Wananchi walimpa Mwinyi jina la "Mzee Ruksa", na jina hilo lina shukrani ndani yake. Wapo pia wakulima waliopata bei nzuri kidogo kuliko zamani. Lakini duka lililojaa na mfuko mtupu ni foleni ya namna nyingine: bidhaa i mbele ya macho, na mtu hawezi kuifikia.

Kwa nini basi miji ya Tanzania haikuwaka moto? Swali hili linastahili jibu, kwa maana nchi jirani iliwaka. Desemba 1986 serikali ya Zambia ilipoondoa ruzuku ya unga mweupe wa mahindi, bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Watu wa miji ya shaba wakaingia barabarani, kadhaa wakauawa, na Rais Kenneth Kaunda akalazimika kuirudisha ruzuku hiyo. Zambia ilikuwa nchi ya miji na migodi, ambamo maelfu walitegemea mfuko ule ule wa unga kwa bei ile ile. Watanzania wengi walikuwa wakulima, na hata wa mjini wengi walikuwa na shamba pahala. Lakini zaidi ya hayo, walikuwa wamekwisha kujiondokea kimyakimya katika uchumi wa serikali. Foleni ilikuwa imewafunza kutotegemea duka lake. Mshahara ulikuwa umewafunza kutoutegemea.

Hapa tena lugha ni shahidi. Neno "mradi", lililokuwa la wizara na wafadhili, likashuka likawa la kila nyumba: mwalimu alikuwa na mradi wa kuku, karani alikuwa na mradi wa ng'ombe wa maziwa. Mabasi ya shirika la usafiri la Dar es Salaam yalipokosa vipuri, mabasi madogo ya watu binafsi yaliruhusiwa mwaka 1983 kwa nauli ya shilingi tano. Na kwa kuwa sarafu ya shilingi tano iliitwa "dala" mitaani, makondakta waliitangaza nauli hiyo kwa sauti, na gari likapata jina la daladala, ambalo limedumu kuliko sarafu yenyewe. Wanawake waliopika wali na maharage kando ya barabara waliitwa "mama ntilie", kutokana na ombi la mlaji mwenye haraka na senti chache. Na vijana waliotembeza bidhaa mikononi waliitwa Wamachinga, kwa sababu wengi wa mwanzo walitoka kusini, Lindi na Mtwara, nchi ya ile mikorosho iliyoachwa porini. Hivyo uzi mmoja wafungamanisha bei ya korosho ya miaka ya 1970 na kijana aliyefukuzwa na askari wa mji katika miaka ya 1990.

Maneno haya yana uchangamfu, na si vibaya kuyafurahia. Yanaonyesha watu waliokataa kufa. Lakini isisahauliwe kwamba ni majina ya kazi zilizofanywa usiku na mapema alfajiri, juu ya kazi ya mchana, na kwamba wengi waliozifanya walikuwa wanawake. Wanauchumi waliposema kwamba uchumi ulikuwa unajirekebisha, kwa sehemu kubwa walikuwa wakimzungumzia mama aliyeamka saa kumi usiku kukaanga vitumbua.

7. Malipo ya tatu: mchango

Malipo ya tatu yalikuja taratibu, na ndiyo yaliyopenya ndani zaidi. Tangu katikati ya miaka ya 1980 ada na michango ilianza kurudi mashuleni. Mwaka 1993 malipo yakaanzishwa katika hospitali za serikali. Utaratibu huo uliitwa "kuchangia huduma".

Neno "mchango" lina heshima kubwa katika jamii za Waswahili na jirani zao. Watu huchanga kwa ajili ya harusi, maziko, safari ya mgonjwa. Mchango hutolewa kwa kadiri ya uwezo, na asiye nacho huja na nguvu zake au na machozi yake, hafukuzwi. Tena mchango humwendea aliyepatikana na shida. Katika matumizi mapya kila sehemu ya maana hiyo iligeuzwa. Kiasi kilipangwa na mpokeaji, aliyekosa alirudishwa, na aliyetakiwa kuchanga alikuwa yule yule mwenye shida, tena katika saa ya shida yake. Misamaha iliandikwa kwa ajili ya maskini, lakini maskini alitakiwa kwanza authibitishe umaskini wake mbele ya karani.

Wakati nao ulikuwa mbaya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, mkoa ule ule ulioanza kubeba mzigo wa vita. Ugonjwa ulienea katika miaka ile ile ambayo mlango wa hospitali ulikuwa ukiwekewa bei, na malipo ya madeni ya nje yalikuwa yakichukua fedha nyingi kuliko zile zilizotengwa kwa afya. Kuhusu shule, nchi iliyokuwa imewaandikisha karibu watoto wote mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilijikuta, katika miaka ya 1990, imebaki na takribani robo tatu yao. Mtoto aliyekosa darasa la kwanza mwaka 1993 hakurudishiwa mwaka huo baadaye, hata madeni yaliposamehewa. Bei hupanda ikashuka, na shilingi huweza kuimarika. Utoto haukopesheki wala haulipiki.

Kenya ilifika mahali hapo hapo kwa njia isiyo na mabishano makubwa. Ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kupokea mkopo wa marekebisho wa Benki ya Dunia, mwaka 1980, na Desemba 1989 ikaanzisha malipo katika hospitali zake chini ya jina la "kugawana gharama". Katika kliniki kuu ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi idadi ya wanaume waliokuja kutibiwa ilipungua kwa zaidi ya nusu. Malipo hayo yalisimamishwa mwaka 1990, kisha yakarudishwa kidogo kidogo. Nchi moja ilibishana na wadai kwa miaka saba, nyingine haikubishana nao sana. Wagonjwa wa nchi zote mbili walikutana na karani yule yule dirishani. Na Wakenya walipojitokeza barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha, hata ukaondolewa baada ya watu kupoteza maisha yao, moja ya hoja zao ilikuwa ile ile ya zamani: nani alikula fedha zilizokopwa, na kwa nini alipe asiyezila.

8. Hitimisho

Novemba 2001 Tanzania ilikamilisha masharti ya mpango wa kuzipunguzia mzigo nchi maskini zenye madeni makubwa, na sehemu kubwa ya deni ikasamehewa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka huo huo, na watoto wakafurika madarasani kwa idadi iliyowashinda walimu na madawati. Kufurika huko ni ushahidi mzito kuliko takwimu nyingi: kulionyesha kwamba wazazi hawakuwa wameidharau elimu, bali walikuwa wamezuiwa mlangoni.

Toka mwito wa kufunga mikanda hadi hapo ni zaidi ya miaka ishirini. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mwito huo alikuwa mtu mzima, na pengine mzazi, kabla mkanda haujalegezwa.

Historia hii haithibitishi kwamba Nyerere alikosea kukataa, wala kwamba Mwinyi alikosea kukubali. Inathibitisha kwamba swali la kukubali au kukataa liliulizwa juu ya kichwa cha mlipaji. Aliyesimama foleni mwaka 1982, akashindwa kununua sembe mwaka 1986, akarudishwa hospitalini mwaka 1993, alikuwa mtu mmoja. Hakushirikishwa deni lilipofanywa, hakushirikishwa lilipobishaniwa, na hata liliposamehewa shukrani zilipelekwa kwa wengine.

Kwa hiyo methali za wahenga hazina kosa, ila zinahitaji kusomwa upya zinapoletwa katika mambo ya dola. Dawa ya deni ni kulipa, naam. Lakini dawa humezwa na mgonjwa, na yafaa ijulikane kwanza mgonjwa ni nani. Kukopa ni harusi na kulipa ni matanga; lakini taifa linalotaka kukopa kwa haki litawaalika harusini wale wale litakaowakalisha matangani, au angalau litawaonyesha, kabla ya ngoma kupigwa, orodha ya vyakula na bei yake.